Nchi ya Watu Wazima

Sogeeni karibu. Mwenye haraka na aondoke sasa hivi, maana mwishoni nitauliza swali, na sitaki mtu aje kuniambia kesho kwamba hakuwepo.

Palikuwa na nchi ndogo ya vilima na chai, jina lake Ukwele, na ndani yake watu watatu wenye vipaji. Semeni, karani wa serikali, alikuwa na sikio: ukimwambia neno moja, anasikia na lile ulilolimeza. Kilewo, msimamizi wa vibarua wa barabara, hakuwa na uwezo wa kusahau mtu. Hata kibarua wa siku moja alimjua kwa jina lake na la mama yake. Mzee Mbonea, mjumbe wa Baraza, alikuwa na ulimi. Akisema, hata waliokuwa wanasinzia hukaa vizuri kwenye viti.

Serikali ya Waziri Mkuu Bi. Rukia iliahidi mambo makubwa: barabara mpaka bandarini, kiwanda cha chai, kazi kwa vijana. Iliahidi pia sheria ya matibabu, kila kijiji kipate zahanati. Baraza likasema, kwanza tujue watu wanaumwa kiasi gani. Makarani wakatumwa nyumba kwa nyumba, Semeni akiwa mkubwa wao.

Sasa, mnawajua Wakwele kwa adabu. Karani alibisha hodi, akakaribishwa, akauliza, "Hamjambo?" Wakamjibu, "Hatujambo." "Habari za nyumbani?" "Nzuri tu." Naye akaandika: wazima. Vijiji vyote vikatoka hivyo, wazima juu ya wazima. Baraza likacheka kwamba nchi ya watu wazima haina haja ya daktari, na ile sheria ikawekwa kabatini. Ikakaa humo miaka minne.

Barabara nayo ikakwama kwenye kilima cha tatu. Bi. Rukia akabadilisha mhandisi, akaleta katapila jipya, wapi. Dereva wa katapila alikuwa amembeba mama yake kwenye machela, siku mbili hadi hospitali ya mjini, na siku mbili kurudi. Majani ya chai yakakomaa mashambani bila mchumaji, na kiwanda kikabaki kuta bila paa.

Siku moja Semeni alikwenda Kwemaji kumtembelea mdogo wake, Tausi, aliyekuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilimharibikia njiani, akipelekwa hospitali.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo, dada."

Wakanywa chai, wakawasema majirani. Kikombe cha pili kilipokaribia kwisha, Tausi akasema, "Sijambo, ila miguu inavimba. Kama ile mara ya kwanza."

Semeni akaweka kikombe chini. Alihesabu moyoni nyumba alizoingia na kutoka akiwa ameridhika na "hatujambo," akiinuka na daftari lake kabla "ila" haijafika. Akaona aibu hadi akalia mbele ya mdogo wake, na Tausi ndiye aliyembembeleza.

Kuanzia hapo Semeni alirudi nyumba zote alizopita. Alisalimia, akakaa kimya, akamenya ndizi na wenyeji, akangoja. Nyumba baada ya nyumba "ila" ikaja, naye akaiandika. Halafu akaenda mbele ya Baraza akasema kosa la mwanzo lilikuwa lake.

Kilewo akaleta daftari lake la mahudhurio. Wakubwa wake walimwamuru kibarua asiyefika aandikwe "mtoro," naye akakataa, nusura afukuzwe kazi. Aliandika kila mtu na sababu yake: huyu homa, huyu anauguza mke, huyu amezika. Daftari lake lilipowekwa kando ya la Semeni, ikaonekana wazi kwamba kila siku barabara iliposimama, palikuwa na mgonjwa nyuma yake.

Bado Baraza lilisitasita, likasema uchumi kwanza, afya baadaye. Ndipo Mzee Mbonea akasimama. "Waheshimiwa," akasema taratibu, "uchumi huu mnaoutaka, una mikono ya nani?" Aliongea tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akawataja wagonjwa mmoja mmoja. Wenzake walikuwa wamemwonya kwamba akithubutu atapoteza kiti chake cha uenyekiti wa kamati. Akathubutu, akakipoteza, na sheria ikapita.

Lakini daktari aliyepatikana alikuwa mmoja, na kabla ya masika ingefunguliwa zahanati moja tu. Nyingine zingengoja miezi sita. Bi. Rukia akawaita wale watatu, akatandika ramani mezani na kalamu juu yake.

"Mmoja wenu atachagua kijiji," akasema. "Kubalianeni ni nani."

Kilewo alitaka Mlalani, ambako vibarua wake kumi na wawili walikuwa wamelala na homa. Mzee Mbonea alitaka Mbugani, kwa mke wake aliyeishi naye miaka arobaini, ambaye pumzi yake haimfikishi tena hata kisimani. Semeni alitaka Kwemaji. Tausi alibakiza wiki sita ajifungue.

"Dada Semeni," Kilewo akasema kwa upole, "nakuheshimu. Lakini miaka minne hii tuliipoteza kwa sababu gani?"

"Kwa sababu yangu," Semeni akajibu.

"Amekiri mwenyewe, baba," Mzee Mbonea akamwambia Kilewo. "Mimi nilikuwemo siku tulipocheka. Sikukiri mpaka alipokiri yeye."

Walipendana, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Kilewo akaisogeza kalamu kwa mzee, mzee akaisogeza kwa Semeni. Semeni akaishika. Aliiona miguu ya Tausi, akawaona na wale kumi na wawili, na mke wa mzee, ameketi kizingitini akitafuta pumzi. Akairudisha kalamu mezani.

Hapo ndipo ninapowaachia. Bila sikio ukweli usingejulikana, bila daftari usingeaminiwa, bila ulimi usingekuwa sheria. Na mmoja wao ndiye aliyeanzisha kuchelewa kote. Je, ninyi mnaonisikiliza, kalamu mngempa nani? Na kabla hujanijibu, fikiri utawaambia nini wale wa vijiji viwili vilivyobaki.