Kinu cha Bi Somoe

Kinu kikirudi kitupu, mchi hubaki nyumbani.

Bi Tausi aliitamka methali hii jikoni kwake, wajukuu wakiwa wanachambua mchele, nao wakacheka. Kinu wanakijua, mchi wanaujua, lakini kwa nini kimoja kiende na kingine kibaki?

"Chambueni, mikono isisimame," akawaambia. "Neno hili lina mwenyewe, na mwenyewe nilimwona kwa macho yangu." Kisha akawasimulia lilikotoka.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Sikudhani. Alizaliwa upande wa Tunduru, akaolewa na Chande, fundi baiskeli wa kijiji cha Nanjela, huku pwani ya kusini. Hakuwa mtu wa maneno. Akisalimiwa aliitikia, akiulizwa alijibu, na zaidi ya hapo alitabasamu tu. Mama yake alibaki Tunduru, na macho ya mama huyo yalikuwa yanafifia. Kila aliyetoka huko alileta habari ile ile: bado anaona, lakini si kama mwezi uliopita. Sikudhani alikuwa na mtoto wa kike, Zamda, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, na bibi yake hajapata kumwona. Alichotaka Sikudhani ni kimoja tu, amfikishe mtoto kwa mama yake kabla giza halijafika.

Shida ilikuwa nauli. Chande alimwambia wazi, "Mke wangu, kazi ya baiskeli unaiona. Nikishakupa ya matumizi, mimi sina kitu. Ukiweza kubana hapo jikoni, kitakachobaki ni chako. Nenda kwa mama."

Sikudhani akalitazama jiko lake. Unga wa mchele ulitoka dukani. Bizari ilitoka dukani, imefungwa kwenye vikaratasi vidogo kama dawa. Mafuta nayo dukani, yakipimwa kidogo kidogo. Na nazi zilikuwa zinaanguka nyuma ya nyumba!

Basi akaacha kununua. Alikuna nazi, akakamua tui, akaliacha likae mpaka lile zito likapanda juu, akaliengua na kulipika kwa moto mdogo hadi mafuta yakajitenga. Aliloweka mchele, akautwanga, akauchekecha, akauanika. Alikausha manjano na giligilani, akavitwanga pamoja na pilipili manga, na harufu yake ikafika barabarani. Chande alikula mchuzi akauliza kama kuna mgeni. Kopo la akiba likaanza kuwa zito.

Ila kinu hakuwa nacho. Alikiazima kwa jirani yake, Bi Somoe, mwanamke mtu mzima ambaye kinu chake kilichongwa na babu yake kwa mti mgumu usiopasuka. Bi Somoe alimwambia, "Chukua mwanangu. Kinu hakiliki."

Alipomaliza kutwanga, Sikudhani alikisugua kinu kile kwa majivu, akakisuuza kwa maji ya moto, akakianika juani. Kwa mama yake alifundishwa kwamba chombo cha watu hurudishwa kisafi kuliko kilivyotoka. Akakipeleka na mchi wake. Bi Somoe akachungulia ndani mpaka chini.

"Ahsante," akasema. "Umekitakasa."

Sikudhani akafurahi. Mara ya pili akakisugua zaidi. Siku Bi Somoe alipokuwa anakitumia mwenyewe, alikwenda kuazima kwa Mwanahamisi, jirani wa upande wa pili, msuka mikeka asiyefunga mdomo. Na cha Mwanahamisi kikarudi kinang'aa vilevile.

Kisha mambo yakageuka. Alipokwenda tena kwa Bi Somoe, aliambiwa, "Kinu hicho hapo, chukua. Mchi ndio sijui watoto wameupeleka wapi." Akaenda kwa Mwanahamisi. "Kinu beba, shoga. Mchi umepasuka." Akajaribu na nyumba za mbali kidogo, na kila mahali kinu kilikuwepo na mchi haupo.

Akatwangia gogo alilolikata porini. Likamwaga magome ndani ya bizari. Akatumia jiwe, mchele ukabaki chenga. Akarudi dukani, akafungua kopo, na wiki baada ya wiki kopo likawa jepesi.

"Sasa mke wangu unatwanga maji," Chande akamwambia, si kwa ubaya.

Ndipo mtu akaja kutoka Tunduru na habari mpya. Mama sasa anawajua watu kwa sauti, isipokuwa wakisimama juani.

Siku hiyo Sikudhani alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwa Bi Somoe. Alimkuta kibarazani pamoja na Mwanahamisi, aliyekuwa anasuka ukili.

"Hodi, Bibi."

"Karibu. Kinu kile pale. Mchi ndio sijui."

Sikudhani aliinama kukichukua kinu kama siku zote. Lakini mchi ulikuwa umeegemea ukuta, nyuma ya bega la Bi Somoe, umesimama kama mtu anayesikiliza. Akanyanyuka.

"Bibi, mchi si ule?"

"Upi?"

"Huo nyuma yako."

Bi Somoe hakugeuka. "Kumbe macho unayo. Basi ulipokuwa unanirudishia kinu changu, hukukiona kilivyo ndani?"

"Nilikiosha, Bibi. Kwa majivu na maji ya moto."

"Si hicho ninachokisema!"

"Mwache, Bibi," Mwanahamisi akadakia. "Mtu akiamua kuvunja ujirani haulizwi sababu."

"Nani amevunja ujirani?"

"Wewe, shoga yangu! Huku kinu kinarudi na konzi moja ya kilichotwangwa, imebaki pale chini. Konzi moja tu, mwenye kinu naye aonje. Kikirudi kitupu, maana yake umemwambia, mimi na wewe basi. Bibi umemfanyia hivyo, na mimi hivyo. Tukasema mgeni huyu ana mkono wa birika, tena hana haya. Kinu hatukukunyima, Mungu shahidi. Ila kinu kikirudi kitupu, mchi hubaki nyumbani."

Sikudhani akawageukia wote wawili. Mtoto alimvuta sikio, asihisi.

"Kwetu," akasema, "ukirudisha chombo cha mtu na mabaki ndani, umemwambia ale makombo yako. Mama angenichapa. Nilikuwa nasugua mpaka kucha zinauma. Nilidhani nawaheshimu."

Mwanahamisi akaacha kusuka. Bi Somoe akamtazama Sikudhani, kisha kicheko kikampanda mpaka kanga ikamtoka kichwani.

"Na mimi nilivyokwambia umekitakasa! Nilikuwa nakusema, mwanangu!"

"Nilishukuru, Bibi."

"Alishukuru!" Bi Somoe akajifuta machozi. "Sasa si ungeuliza?"

"Nami ningejuaje cha kuuliza? Nyinyi mliojua mngesema."

Hapo hakuna aliyecheka. Hawakuwahi kumsikia Sikudhani akisema maneno mengi kiasi kile. Bi Somoe akageuka, akauchukua mchi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Twanga hapahapa," akasema. "Mwanahamisi, leta wako. Ule uliopasuka."

Sikudhani akaufuata mchele wake, wakatwanga watatu kwa zamu, kinu kimoja. Kabla hajaondoka, Sikudhani alibakiza konzi ya unga chini ya kinu, na ikawa hivyo kila alipotwanga. Kila konzi ilikuwa inakula kidogo kidogo ile nauli, lakini hakuiruka hata siku moja. Michi ikatoka majumbani, duka likasahaulika, kopo likajaa tena. Mvua za kwanza zilipokaribia, alipanda basi na mtoto wake.

Huko Tunduru, mama yake aliisikia sauti, akaomba apewe mtoto. Ilikuwa saa sita mchana. Alimbeba mpaka katikati ya uwanja, akamgeuza uso kuelekea juani, akamtazama kwa jicho la kushoto. La kulia lilikuwa limezimika katika wiki zile ambazo mchi uliegemea ukuta.

"Ana paji langu," akasema, asimwachie.

Hapo Bi Tausi aliishia. Mikono ya wajukuu ilikuwa imesimama, naye hakuwagombeza. Mdogo wao akauliza, "Sasa, Bibi, kosa lilikuwa la nani? La aliyeosha kinu au la waliouficha mchi?"

"Watu humrushia mchoyo peke yake methali hii," Bi Tausi akajibu. "Lakini Bi Somoe kila alipoisikia methali hii aliinamisha kichwa, na hakuna aliyekuwa akimsema yeye. Ndiyo maana mimi huisema polepole, na ya mchi nayo isikike: kinu kikirudi kitupu, mchi hubaki nyumbani."