Sabuni Iliyowasha

Wapendwa, sogeeni kidogo, hata ninyi wa viti vya nyuma mlioegemea ukuta. Leo nawapeleka kiwandani.

Alikuwapo mzee mmoja aliyepika sabuni za miche, zile ndefu ambazo muuza duka hukukatia kipande. Kiwanda chake kilikuwa paa la bati, jiko la kuni na sufuria kubwa kuliko meza hii ya mbele. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kutupa. Kipande kilichovunjika, kilirudi sufuriani. Unga uliodondoka chini ya kisu, ulirudi sufuriani. Mche uliopinda, sufuriani. Na mteja asiyeridhika alirudisha sabuni yake, akapewa mpya, na ile ya zamani ikaenda wapi? Naona mmeshanijibu.

Siku moja mzee akanunua mafuta ya mawese kwa bei ya chini. Mapipa yaliyotiwa mafuta hayo yalikuwa yamewahi kubeba achari ya pilipili, na aliyeyauza hakuyaosha. Mzee akapika. Sabuni ikatoka nzuri, nyekundu kidogo, inang'aa.

Jioni watu wakaoga.

Ndugu zangu, sitaeleza sana. Nitasema tu kwamba baba mmoja wa heshima zake alionekana akikimbilia bombani na taulo, na taulo haikuwa mahali pake.

Asubuhi, foleni. "Baba, sabuni hii inawasha!"

"Pole sana, mama. Lete hiyo, chukua nyingine."

Akazikusanya zote, akazivunjavunja, akazirudisha sufuriani, akaongeza mafuta masafi. "Mafuta yatazimua," akasema. Na kweli yalizimua! Sabuni ya kwanza ilichoma watu wachache, ikawachoma sana. Ya pili ikachoma watu wengi, kwa kiasi. Ya tatu ikauwasha mji mzima, kidogokidogo, kila mtu na sehemu yake. Wakirudisha, anavunja. Akivunja, anapika. Akipika, anaongeza mafuta. Moshi haukukatika, wafanyakazi walitoka jasho kutwa, na mpita njia angesema, huyu bwana mambo yake safi! Lakini stoo ilijaa, baraza ikajaa, mpaka mzee akawa anakula ugali wake amekalia sabuni.

Ndipo akaja sista, mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, mteja wake mkubwa kuliko wote.

"Mzee, wasichana wangu wanafungua shule Jumatatu. Ukiniletea tena sabuni ya kujikuna, naenda kununua kwingine, na sirudi."

Wafanyakazi waliposikia hayo waliacha kukoroga. Walijua: shule ile ikiondoka, jiko linazimwa, na kila mmoja anakwenda kumweleza mkewe.

Mzee akampigia simu binti wa dada yake, aliyesomea uhandisi wa viwanda. Binti akaja, akainusa sabuni, akapiga chafya. Akaokota kijiti, akachora duara kubwa mchangani.

"Mjomba, hiki ndicho kiwanda chako. Kilichoingia humu, ama kimetoka, ama bado kimo. Hakuna habari ya tatu. Pilipili iliingia?"

"Iliingia, mwanangu. Siku moja tu."

"Ilitoka?"

"Ilitoka mara nyingi sana!"

"Na ikarudi?"

Mzee akajikuna shingo. "Ilirudi."

"Basi haijatoka, mjomba. Umeitembeza tu."

"Lakini nimeizimua kwa mafuta mengi!"

"Umeigawa, hujaipunguza. Pilipili ni ileile. Mabaki masafi yarudishe sufuriani, hiyo ni akili. Lakini kilichoharibika kipe mlango wa kutokea. Chimba shimo."

"Nizike sabuni? Watu watasema nimechanganyikiwa!"

"Mjomba, wanasema tayari."

Wakachimba. Wapendwa, mzee alilia kama yuko msibani. Stoo ikazikwa, baraza ikazikwa, sufuria ikasuguliwa kwa mchanga. Mafuta mapya, mapipa mapya. Wakapika upya, binti akaijaribu sabuni kwa mikono yake, akaona ni shwari, akapanda basi kurudi kwao.

Mzee akabaki anatazama sufuria. Akaingia chumbani. Chini ya kitanda chake kulikuwa na gunia: vipande vya ile sabuni ya kwanza kabisa, ile kali. Kwa nini hakulizika? Alisema, "Hili ni jasho langu mwenyewe. Na ni moja tu." Akalimimina lote sufuriani, akakoroga, huku akiimba.

Jumatatu, alfajiri, shule nzima ya wasichana ikaoga. Kelele zilifika sokoni.

Mzee akangoja gari la shule lije kurudisha sabuni. Kutwa alingoja, na nyingine za kubadilisha ameshazipanga mlangoni. Halikuja. Wafanyakazi wakavua aproni, wakampa mkono mmoja mmoja, wakaenda zao.

Mmecheka. Haya, sasa nijibuni. Lile neno alilokuambia shemeji yako kwenye msiba, liliingia mara moja. Lilitoka lini?

Maana sisi tunasema tumesamehe. Tunaomba, tunafunga, tunaimba: mafuta masafi, wapendwa, mafuta mengi! Na kosa hatulitoi, tunaligawa. Kidogo kwa watoto, ambao hawaendi kumsalimia baba yao mdogo na hawajui kwa nini. Kidogo kwenye kwaya, ambako sauti ya pili haisemi na sauti ya tatu. Kidogo kwenye kikao cha harusi, ambapo mtu anapinga rangi ya vitambaa na wala hagombani na vitambaa. Watu wote tunajikuna, na hakuna anayekumbuka pilipili.

Tena wengi wetu tumeshazika mengi. Tumejitahidi, Mungu anajua. Lakini liko moja ambalo tumelibakiza kwa sababu tunaliona ni haki yetu. Unalijua ni lipi? Ni lile ambalo ukilisimulia unaanza hivi: "Mimi nimesamehe, lakini..."

Ukitoka hapa leo, nenda kwa huyo aliyekukosea. Usimpelekee maelezo. Kaa, kunywa chai yake. Na mazungumzo yakianza kuelekea kule kwenye mambo ya zamani, wewe ndiye uulize habari za mvua.