Anayesimama Nyuma ya Imamu

Ndugu zangu, someni haya taratibu, kisha mpelekeeni yeyote mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani kwake.

Alikuwepo imamu mmoja wa Tanga, Maalim Sufiani. Siku moja alianguka akiinuka kutoka kwenye sijda. Hospitalini walisema moyo wake unapiga polepole mno, na mara nyingine unasita kabisa. Asipowekewa kifaa cha kusaidia mapigo, ipo siku utasita usirudi.

Maalim akakataa.

"Moyo ni wa Mungu. Sitaki kuendeshwa kwa betri kama redio."

Mdogo wake alimsihi mpaka akalia. Maalim akageukia ukutani.

Daktari Zulfa, binti wa hapo hapo Tanga, akavuta kiti. "Maalim, ukiwa unaswalisha ukasahau aya, inakuwaje?"

"Aliye nyuma yangu hunitajia neno."

"Basi hapo imamu amekuwa yeye?"

Maalim akacheka kidogo. "Aa, mwanangu. Imamu ni mimi. Ananitajia, naendelea. Nikisoma vizuri, ananyamaza."

"Na hiki ni hivyo hivyo." Akamwonyesha kifaa kidogo kama kiberiti, chenye waya mwembamba. "Hukaa chini ya ngozi, karibu na bega. Waya hupita kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo. Kazi yake ya kwanza ni kusikiliza. Moyo ukipiga wenyewe, kifaa kinanyamaza. Ukisita, waya hupeleka umeme kidogo sana, kama neno moja, na moyo unaendelea. Anayepiga ni moyo wako."

Maalim akakigeuza kifaa kile mkononi, akamrudishia.

"Leteni karatasi nitie sahihi."

Aliishi miaka tisa zaidi, alhamdulillahi. Kila mwaka alikwenda kupimwa kifaa chake. Mwanzoni kilikuwa kikitaja mara chache tu. Mwaka wa tisa Daktari Zulfa alitazama vipimo, akasema, "Maalim, mwaka huu kimekutajia karibu kila pigo."

"Kila pigo? Mbona sijasikia kitu?"

"Ndiyo kazi yake."

Maalim akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa amemshikia kofia.

"Wewe umesimama nyuma yangu miaka thelathini. Kila uliponitajia neno, nilitoka msikitini nimenuna."

"Nilikuwa naona, kaka."

"Na hukuacha."

"Ningeachaje?"

"Ahsante, mdogo wangu."

Mwezi uliofuata homa ya mapafu ilimchukua. Mola amrehemu.

Mdogo wake ni mimi. Siku hizi naswalisha mimi. Juzi nilikwama katikati ya sura ninayoisoma tangu utotoni, na muuza kahawa aliyekuwa nyuma yangu akanitajia neno moja. Baada ya swala nilimsubiri mlangoni, nikamshika mkono, nikamshukuru.

Funzo: Anayekutajia neno ulipokwama hakunyang'anyi nafasi yako, anakubakisha nayo. Mshukuru angali nyuma yako, na mshukuru Mola aliyemsimamisha hapo.