Bakuli la Elinipa

Kisichotikiswa hakijatulia. Mmemsikia Dakta Rwezaura akiyasema hayo asubuhi, nanyi mnataka kujua yametoka wapi. Methali hii ilizaliwa humu humu maabara, kwenye kompyuta ile ya dirishani, nami nilikuwepo, kwa kuwa ndimi niliyekuwa fundi wa vyombo.

Palikuwa na mwanafunzi wa shahada ya pili, Elinipa Mbise, mzaliwa wa miteremko ya Meru. Kijijini kwao maji ya kisima yana floraidi nyingi, hata watoto huota meno ya kahawia. Elinipa aliazimia kubuni molekuli yenye umbo la bakuli, ya kuinasa floraidi hiyo majini. Lakini kabla ya kuitengeneza, ilibidi kompyuta imtafutie umbo lake la kweli. Programu huzisogeza atomu hatua kwa hatua kuelekea penye nishati ndogo, kama maji yatafutavyo bonde, mpaka zisisukumane tena. Mtumiaji ndiye huiambia hatua ziwe ndefu kiasi gani, zisizidi ngapi, na msukumo ubaki mdogo kiasi gani ndipo molekuli ihesabiwe kuwa imetulia.

Dakta, aliyekuwa msimamizi wake, alikuwa na chupa moja tu ya kemikali ya kuanzia, iliyosubiriwa miezi saba kutoka ng'ambo. Ilitosha jaribio moja, nalo lilipangwa Jumatatu.

Siku tatu kompyuta ilihesabu, na kila mara hatua mia moja ziliisha molekuli ikiwa bado inatapatapa. Alhamisi Elinipa akachoka. Akalegeza kipimo cha utulivu, kisha akaiamuru programu ilinde ulinganifu, yaani kushoto kufanane na kulia daima, ili hesabu ipungue. Haikupita saa moja, kioo kikaandika kwamba umbo limepatikana. Lilikuwa bakuli la duara, zuri kweli, mdomo wazi. Elinipa akaagiza sambusa za maabara nzima. Mimi nilikula nne.

Wakati huo nilikuwa naweka mizani mpya mezani, na kwa desturi yangu nikaitikisa meza kwanza. Nikamuuliza, bila kujua lolote la fani yake, "Mwanangu, hiyo molekuli umeitikisa?"

"Mzee Semboja, molekuli haitikiswi kama meza."

"Hakuna namna yoyote?"

"Ipo. Kuna hesabu ya mitetemo. Lakini inakula siku mbili, na programu imeshasema imetulia."

"Hata yai husimama wima, mtu akilishika pande zote mbili."

Akageukia kioo chake. Nilidhani nimemuudhi, nikajuta. Kumbe kesho yake asubuhi aliianzisha ile hesabu. Jumapili majibu yakatoka: mtetemo mmoja ulikuwa na alama ya kutoa. Maana yake, molekuli haikuwa bondeni bali juu ya mgongo wa kilima, ikingoja kusukumwa kidogo tu ianguke.

Elinipa alikwenda kumweleza Dakta mwenyewe. Dakta hakumgombeza. Aliifungia chupa kabatini, akampa yeye ufunguo.

Basi akaondoa ulinganifu, akakaza kipimo, akafupisha hatua, akazisukuma atomu kidogo kuufuata mtetemo ule. Bakuli likajikunja, mkono wake mmoja ukalala juu ya mdomo kama kifuniko. Lingetengenezwa vile, hata chembe moja ya floraidi isingeingia. Ilimchukua wiki tatu kuubuni upya mkono ule. Bakuli jipya halikupendeza. Liliinama upande kama kibuyu kilichokulia penye mawe. Lakini alipolitikisa halikuwa na alama ya kutoa hata moja.

Ndipo chupa ikafunguliwa. Siku walipoijaribu molekuli kwenye maji ya kisima cha kwao, floraidi ilishuka zaidi ya nusu. Elinipa alicheka huku machozi yakimtoka, na Dakta, mtu wa staha zake, alicheza hatua mbili mbele ya wanafunzi wake.

Swali langu la kutikisa Elinipa aliligeuza kuwa methali ya maneno mawili, akayabandika juu ya kompyuta, na kutoka hapo yakatembea. Madereva wa chuo wakayasema juu ya mizigo, wapishi juu ya masufuria. Hata kwangu yalifika: binti yangu alipomleta mchumba nikauliza kama amemjua vya kutosha, akanijibu taratibu, "Baba, tumeshagombana mara tatu na bado yupo. Kisichotikiswa hakijatulia."