Fisi na Shikamoo Tisa

Nisimulie, nisisimulie?
— Simulia!
Na vyombo ataosha nani?
(Kimya.)
Haya, nasimulia hivyo hivyo.

Bi Kindi alikuwa anachambua maharagwe, mawe huku, maharagwe kule, ndipo Chiriku akatua dirishani, puru!

"Shoga, umesikia? Mfalme Fisi ametoa sheria. Kuanzia jioni hii, neno linaloruhusiwa nchini ni moja tu: Shikamoo."

"Kisa?"

"Tunasema anamaliza vyungu vya watu."

"Si anamaliza kweli?"

"Ndiyo maana."

Chiriku ametembea, anazijua nchi za wenzetu. "Kwa Nyani kusema ni ruksa, lakini Jumanne tu. Kwa Twiga unaandika barua, inapanda shingo yote ile, jibu linamkuta mjukuu wako. Kwa Kiboko unasema lolote, hata kwamba kichwa chake kama gunia. Yeye yuko chini ya maji, hasikii."

"Na watoto wa huko wanalala wameshiba?"

"Wanashiba."

"Basi sisi ndio tuko nyuma," akasema Bi Kindi, akabandika chungu. Alikuwa na watoto tisa, na yale ndiyo maharagwe ya mwisho nyumbani. Akawaita wote, akawanong'oneza, fyo fyo fyo.

Jioni ikafika. Nchi nzima zii! Chungu tu ndicho kilichosema: bwata, bwata, bwata.

Fisi akaja na upawa wake mwenyewe, akawakuta watoto tisa wamekizunguka chungu, kila mmoja na bakuli lake. "Nimekuja kukagua chungu."

Akachota upawa mzima. Akaachama.

"Shikamoo!" akasema mtoto wa kwanza.

Sasa, mkubwa asipoitikia Shikamoo ana ukubwa gani? Na Fisi huitikia kifalme, kwa kupunga mkono. Mkono ule ule wenye upawa.

"Marahaba!" Pwata! Maharagwe yakaangukia kwenye bakuli la mtoto.

Akachota tena. Akaachama tena.

"Shikamoo!" Wa pili huyo.

"Marahaba!" Pwata!

Wa tatu, pwata! Wa nne, pwata! Mpaka wa tisa. Fisi akachungulia chungu, akaona mchuzi na uso wake.

"Nyamazeni!"

"Shikamoo!" wakaitika wote tisa kwa pamoja.

"Marahaba, maharaba, mahara... maharagwe!" Ulimi ukajifunga fundo. Tumbo likamnguruma, nguruu! "Basi! Nimeifuta sheria! Semeni neno jingine lolote!"

"Lolote?" akauliza Bi Kindi.

"Lolote!"

"Toka jikoni kwangu."

Fisi akafikiri, akatafuta sheria ya kumzuia, hakuipata. Akatoka na upawa wake mtupu.

Bi Kindi akapakua mchuzi uliobaki, akahesabu vichwa: tisa. Akahesabu mabakuli: tisa, yote yamejaa. Chiriku naye akapewa yaliyogandia chini ya chungu. Wakala.

Simulizi yangu imekoma hapo. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda aiache mlangoni.

Na funzo lake ni hili: mtoto mwenye adabu hasemi neno wakati wa kula.