Abiria Mmoja Tu

Treni ya abiria ilipoacha kupita Isunga, Nyamizi mkaanga kuku alibaki na karai tupu na ulimi mkali. Siku Waziri Chiteji alipofika stesheni, watu walimwomba atoe fedha za serikali ili treni irudi.

"Fedha zitoke, halafu apande nani?" Waziri aliwacheka mbele ya waandishi wa habari. "Mabasi yapo. Nionyesheni abiria mmoja tu aliyekwama, nami fedha nitazitoa."

Nyamizi alikuwa Mnyamwezi, Waziri Mgogo. Watani wa jadi. Nyamizi akapenya, akakwapua funguo za gari mkononi mwa dereva wa Waziri, akazitumbukiza kifuani.

"Gari nimeliteka, mtani! Komboa."

Umati ukaangua kicheko. Waziri naye akacheka, maana mtani hanuniwi. "Haya, sema. Unataka mbuzi?"

"Ngoja nifikiri. Njoo kesho."

"Kesho asubuhi nasubiriwa bungeni Dodoma!"

"Si upande basi?"

"Basi la leo limeshaondoka!"

Mara honi ikalia, treni ya mizigo ikatokeza. Waziri akakimbilia relini, akaipungia kwa mikono yote miwili hadi kofia ikamdondoka. Treni ikapita, haikupunguza hata mwendo.

"Hiyo haichukui watu, mtani," alisema Nyamizi. "Hata sisi huwa tunaipungia."

"Sasa mimi nitafikaje?" Waziri alilalama.

Nyamizi akamrudishia funguo, akawageukia waandishi wa habari.

"Mmempiga picha? Alitaka abiria mmoja aliyekwama. Ndiye huyo."