Fundo la Baharia

Wapendwa, baharia mmoja kutoka nchi ya mbali alichoshwa na bahari. Maisha yake yote alilala juu ya maji, akatapika, akawatupa wenzake waliokufa baharini bila kaburi. Akasema, imetosha, nataka nife nikiwa na udongo wangu. Meli ilipotia nanga pwani, akashuka na kamba zake begani, akapanda bara hadi huku mlimani na mkewe. Serikali ya wakoloni ikamwonyesha kihamba, shamba la nyumbani lenye migomba iliyokwisha kuzaa, ikamwambia, "Chukua." Naye akachukua! Hakuuliza nani aliipanda. Jamani, migomba hujipanda yenyewe?

Kihamba kile kilikuwa cha mama mmoja mjane. Walimhamishia ng'ambo ya korongo, naye akahama kwa uchungu. Lakini kaburi la mumewe lilibaki ndani, na baharia akazungusha seng'enge pande zote. Mama aliomba kitu kimoja tu, apite akang'oe magugu juu ya mumewe.

Ninyi watu wa mlimani mnajua. Ukiwa na ombi zito, au unataka amani, unachukua nini? Isale! Unalipiga fundo jani lile, unalipeleka, na unayempelekea hathubutu kukataa. Sasa niambieni, hapo nani alipaswa kupeleka isale? Baharia, si ndiyo? Lakini aliyedhulumiwa ndiye aliyetangulia. Akalishika kwa mikono miwili mpaka kwenye lango dogo la upande wa korongo.

"Bwana, nimekuletea isale. Naomba."

Baharia akalipokea, akalivuta, likakaza. Uso ukamng'aa. Mtu wa kamba huyo!

"Lo, jani gumu hili! Ila mama, fundo lako bovu, litafunguka. Ngoja nikuonyeshe tunavyofunga melini."

Akalifungua fundo la mama. Kisha, kwa jani lile lile, akafunga lango lake, tena mbele ya macho ya mama. Akatabasamu akingoja kusifiwa.

Mama alirudi kwake analia. Habari zikaenea, watu wakaacha kumsalimu baharia. Yeye hakujua kosa lake. Aliwapungia mkono, wao wakatazama pembeni, akawa mpweke kuliko alivyokuwa majini.

Ikafika siku mkewe akashikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto akakataa kutoka. Baharia akakimbilia lango dogo akaite mkunga. Na mkunga wa ng'ambo ya korongo alikuwa nani? Ehee, mmeshamjua.

Fundo likamshinda! Mvua na jua vilikwisha kulikausha likawa kama mfupa. Akalivuta kwa vidole, akaling'ata kwa meno, huku anasikia mkewe akilia nyumbani. Akapiga kelele kuelekea korongoni. Mama akatokea, anahema.

"Mama, subiri, nafungua!"

"Mtoto hasubiri fundo lako, Bwana."

Akalala kifudifudi, mama mzima yule, akapita chini ya seng'enge kwa tumbo. Gauni likachanika, mgongo ukatoka damu. Hakugeuka nyuma. Jua lilipofika utosini, mtoto alikuwa analia na mama yake yu hai.

Baharia akamletea mkunga sukari na kanga mpya kwa furaha.

"Nimepokea, asante," mama akasema. "Na lile jani langu?"

"Jani gani?"

Mama akamweleza maana ya isale, na ombi lake la kaburi. Baharia akakaa chini, papo hapo kwenye vumbi.

"Kumbe ombi lako ndilo nililofungia lango?"

"Ndilo."

Mnadhani alikwenda kulifungua lile fundo tu? Hapana! Alichukua koleo akakata seng'enge yote, akang'oa nguzo moja baada ya nyingine. Watu wakamtazama kutoka ng'ambo. Akavuka mmoja kumsaidia, kisha wengine. Baharia akamwambia mama, "Kihamba ni chako. Nipe siku chache nifungashe." Mama akamtazama mtoto aliyempokea kwa mikono yake, akamwonyesha baharia kipande cha juu, karibu na mfereji. "Kaa pale, baba. Karibu."

Serikali ilimwambia chukua, akapata shamba. Mama alimwambia karibu, akapata kwao. Wajukuu zake wakija leo kumtafuta babu yao, wanaonyeshwa makaburi mawili jirani, lake na la mume wa yule mama, na masale, majani yale yale ya amani, yamestawi katikati.

Na sisi? Mungu tuliyemkosea ndiye aliyetangulia kuja, amani mkononi. Tukaipokea kwa shangwe, tukaimba, kisha tukafanya nini? Tukaifungia lango! Mimi nimeokoka, yule hajaokoka, asinisogelee. Mimi mzee wa kanisa, na mdogo wangu nimemsogezea mpaka wa shamba, ananisalimu siitikii. Tulichopewa cha kufungulia, tumefungia, tena fundo la kujisifu!

Basi ukitoka hapa usinisimamishe mlangoni kuniambia mahubiri yalikuwa matamu. Pita, nenda kang'oe nguzo yako. Huenda ng'ambo ya korongo yupo mtu ambaye tayari amesimama, anangoja tu kusikia ukiita.